Viwavi kwenye kabichi, vidukari kwenye maharage: kwa nini sabuni na pilipili havikutosha

Swali: Habari mtaalamu. Nina bustani ndogo ya nyumbani yenye matuta manne: mawili ya kabichi, moja la nyanya na moja la maharage. Kabichi zimetobolewa vibaya. Majani mengine yamebaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, mengine yana matundu makubwa. Nimeona viwavi wadogo wa kijani ambao nikiwagusa hujinyonganyonga na kudondoka. Nimepulizia maji ya sabuni ya unga na pilipili mara mbili, mchana, lakini hawajaisha. Nikaweka urea ili majani yarudi haraka, na sasa ncha za maharage zimejaa wadudu weusi pamoja na sisimizi. Miche miwili ya nyanya nimeikuta asubuhi imekatwa chini. Jirani ananishauri nitafute dawa kali niwamalize wote kwa mpigo. Nifanye hivyo? Na kabichi zilizotobolewa bado zinalika?

Jibu: Usitumie hiyo dawa kali. Kwa dalili ulizozitaja una wadudu wa aina tatu, huenda wanne, na kila mmoja amekaa mahali ambapo dawa ya kupulizia juujuu haimfikii. Viwavi wako chini ya majani, vidukari wamejibana kwenye ncha changa, na aliyekata nyanya zako hulala ndani ya udongo mchana kutwa. Watakaokufa kwanza ni wale wanaotembea wazi juu ya majani: wadudu-kibibi, buibui, na nyigu wadogo ambao kazi yao ni kuwala au kutaga mayai ndani ya hao wanaokusumbua. Wiki chache baadaye vidukari watarudi wengi kuliko sasa, kwa sababu wao huzaana upesi kuliko adui zao, na safari hiyo hatakuwapo wa kuwapunguza.

Bustani ya ukubwa huo inaokolewa na mtu anayegeuza majani mara mbili kwa wiki, anayemjua mlaji kwa sura, na anayemfikia angali mdogo. Dawa ni msaada wa kazi hiyo. Nianze na kabichi, maana ndiko kwenye kazi kubwa.

### Nani anakula kabichi

Jani lililobaki ngozi inayopitisha mwanga, pamoja na kiwavi anayejinyonganyonga kurudi nyuma na kuning'inia kwa uzi akiguswa, ni alama za nondo mgongo-almasi, *Plutella xylostella*. Kiwavi wake hafiki mbali zaidi ya sentimita 1, ni wa kijani, na mwili wake umechongoka ncha zote mbili. Akianguliwa huingia kwanza ndani ya jani lenyewe, kisha hutoka na kula upande wa chini, akiiacha ngozi ya juu. Ngozi hiyo ikikauka hupasuka, na hapo ndipo tundu linapoonekana. Kwa hiyo tundu unaloliona leo lilianza siku kadhaa nyuma. Ukisubiri matundu ndipo uchukue hatua, utakuwa umechelewa kila mara. Akishakua hujifunga kwenye kifuko cheupe cha nyuzi zilizoachana, chini ya jani hilohilo. Kwenye joto la kutosha, safari nzima kutoka yai hadi nondo huchukua wiki mbili hadi tatu tu, ndiyo maana kwenye tuta moja unakuta mayai, viwavi wa kila umri na vifuko kwa wakati mmoja.

Mdudu huyu ana sifa nyingine unayopaswa kuijua kabla ya kununua dawa yoyote: huzoea sumu upesi kupita kiasi. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka Java, Indonesia, kwamba DDT ilikuwa imeshindwa kumdhibiti, na mwaka 1990 ikaripotiwa kutoka Hawaii kwamba hata dawa ya bakteria nitakayoieleza hapa chini ilikuwa imeanza kushindwa kwenye mashamba yaliyopuliziwa mfululizo. Hiyo dawa kali ya jirani inaweza kabisa kuwaua wote isipokuwa yeye.

Matundu makubwa yana mwenyewe mwingine. Tazama kama kuna vipepeo weupe wanaozunguka juu ya kabichi wakati wa jua. Mayai yao ni ya manjano na husimama wima juu ya jani, mojamoja au kwa kundi kutegemea aina ya kipepeo. Viwavi wao hufikia sentimita 3 hadi 4 na hupenda kuingia kwenye moyo wa kabichi, na huko hujulikana kwa kinyesi chao cha kijani kilicholowana. Ukikuta kinyesi kibichi na humwoni mlaji, fungua majani ya ndani, yumo. Usipomkuta hata hapo, rudi usiku na tochi, kwa kuwa viwavi wa nondo wengi hujificha mchana.

Kisha hesabu miguu. Ni kazi ya nusu dakika na inakuepusha na hasara. Kiwavi wa nondo au kipepeo ana jozi tatu za miguu halisi karibu na kichwa, na nyuma yake jozi zisizozidi tano za miguu bandia, minene na laini. Ukikuta jozi sita au zaidi za miguu bandia, huyo si kiwavi wa kweli bali ni buu wa jamii fulani ya nyigu wala majani, na dawa ya viwavi haitamfanya lolote. Buu asiye na miguu bandia kabisa mara nyingi ni wa mbawakawa. Na kama hakuna mdudu ila kuna mstari wa ute unaong'aa, unashughulika na konokono, ambaye habari zake ni nyingine kabisa.

### Mkono kwanza

Matuta mawili ya kabichi unaweza kuyapitia kwa mkono jani kwa jani. Nenda alfajiri au jioni. Ponda mayai kwa kidole. Viwavi watie kwenye ndoo yenye lita 2 za maji na kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji. Sabuni hiyo ina kazi yake: kwenye maji matupu kiwavi huelea na kutambaa hadi nje, lakini sabuni ikilegeza uso wa maji huzama. Vifuko vyeupe vibanduliwe navyo, maana kila kimoja ni nondo wa wiki ijayo.

Nasema mara mbili kwa wiki kwa sababu ya hesabu ya mayai. Kwenye joto mayai huanguliwa ndani ya siku tatu hadi tano hivi. Ukipita kila baada ya siku tatu au nne hutakuta kiwavi aliyefikia hatua ya mwisho ya kukua. Hiyo ndiyo hatua ya kuogopa. Kiwavi katika siku zake za mwisho hula kuliko siku zake zote za awali zikijumlishwa, hivyo kumwondoa akiwa na milimita 5 si sawa hata kidogo na kumwondoa akiwa na sentimita 3.

Wenye vinyweleo usiwashike kwa mikono mitupu, vinyweleo vya baadhi yao huwasha na kuvimbisha ngozi. Na kuna viwavi wa kuwaacha. Ukimkuta amezubaa pale alipo, hali, na kando yake kuna rundo la vifuko vidogo vya manjano au vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele, nyigu wadogo wamekwisha kumtumia: walikua ndani yake, wametoka, na sasa wanajiandaa kuruka. Mwache na rundo lake. Watakaotoka humo watatafuta viwavi wengine ambao wewe hutawaona.

### Bt: dawa ya viwavi, ikitumiwa inavyotakiwa

Kama viwavi ni wengi kiasi kwamba mkono hautoshi, tafuta dawa yenye bakteria *Bacillus thuringiensis* aina ya *kurstaki*, kwa kifupi Bt. Bakteria huyu aligunduliwa Japani mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa, akapewa jina lake Ujerumani mwaka 1915, na ameuzwa kama dawa tangu mwaka 1938. Angalia neno *kurstaki* kwenye kifungashio. Aina ya *israelensis* ni ya viluwiluwi vya mbu, na ya *tenebrionis* ni ya mabuu ya mbawakawa; ukinunua hizo kwa ajili ya kabichi umepoteza fedha.

Bt haiui kwa kugusa. Lazima kiwavi aile. Ikifika tumboni, protini ya bakteria huyeyuka kwa sababu utumbo wa kiwavi una hali ya alkali, kisha hutoboa kuta za utumbo huo. Kiwavi huacha kula ndani ya saa chache na hufa baada ya siku moja hadi tatu. Watu wengi huisema vibaya dawa hii kwa sababu asubuhi inayofuata viwavi bado wapo. Usiangalie kama wapo. Angalia kama kuna kinyesi kipya. Tumbo la binadamu lina asidi na halina vipokezi ambavyo protini hiyo hushikamana navyo, ndiyo maana dawa hii haina madhara hayo kwetu, wala kwa nyuki na wadudu-kibibi.

Inaposhindwa, mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya hivi. Imepuliziwa mchana: mwanga mkali wa jua huivunja, na hata ikipuliziwa vizuri haidumu zaidi ya siku chache juu ya jani. Pulizia jioni jua likishazama, wakati viwavi wanaanza kula. Imepuliziwa juu ya jani peke yake: pua ya kinyunyizio iingie chini, ielekee juu. Viwavi ni wakubwa mno: waliozidi sentimita 2 hivi waokote kwa mkono, dawa iwe ya wadogo. Maji yaliyochanganywa yamelala: changanya ya kutosha jioni hiyo tu, na yanayobaki usiyaweke hadi kesho. Mvua imeosha: rudia.

Kipimo fuata cha kwenye kifungashio, kwa sababu nguvu hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa. Kwa makadirio ya maji, lita 1 hutosha takriban mita 10 za mraba za mimea iliyokua. Jani la kabichi lina nta na matone huteleza, hivyo ongeza kigandisho cha dawa za majani, au matone machache ya sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo. Usitumie sabuni ya mche hapa, huyafanya maji kuwa na alkali nyingi na kuidhoofisha Bt kabla haijafika kwenye jani. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 ili kuwapata walioanguliwa baadaye. Baada ya mizunguko miwili au mitatu badili, kwa sababu ya ule ugumu wa nondo mgongo-almasi niliousema.

Cha kubadilishia ni mwarobaini. Chukua mbegu kavu zisizo na ukungu, menya ganda, twanga kiini. Gramu 50 za kiini kilichotwangwa kwa kila lita 1 ya maji, zifunge kwenye kitambaa, ziloweke usiku kucha, kamua, chuja vizuri, ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji, pulizia jioni hiyohiyo. Usichemshe, joto huharibu azadiraktini, kiambato kinachofanya kazi. Majani ya mwarobaini yana kiambato hicho kwa uchache, ndiyo maana wanaoloweka majani matupu hupata matokeo hafifu. Ukitumia mafuta yaliyokwisha kukamuliwa, mililita 5 kwa lita zinatosha, pamoja na sabuni kidogo ili yachanganyike na maji. Kuzidisha huunguza majani. Mwarobaini nao ni wa taratibu: huwafanya wadudu wakose hamu ya kula na washindwe kujivua ngozi. Tegemea mabadiliko baada ya siku tatu au nne, na rudia kila wiki.

### Neti, na kosa linaloiharibu

Kinga ya uhakika kuliko zote kwa kabichi ni neti ya wadudu, iliyotandazwa siku ileile ya kupanda miche. Kwa vipepeo weupe matundu ya milimita 5 yanatosha, lakini nondo mgongo-almasi hupenya hayo bila shida, hivyo chukua ya milimita 1 au chini yake. Isimamishe juu ya matao ya fito au waya ili isigusane na majani, kwa sababu nondo na kipepeo wanaweza kutaga kupitia kwenye neti pale inapolala juu ya jani. Kingo zote zifukie kwenye udongo, zisishikiliwe na mawe yaliyoachana.

Kosa ni kufunika tuta ambalo tayari lina mayai na vifuko. Hapo utakuwa umewajengea viwavi nyumba isiyoingiliwa na nyigu wala ndege. Kwa kabichi zako za sasa, kwanza zisafishe kwa mkono na Bt kwa wiki mbili, ndipo ufunike. Kabichi hazihitaji nyuki ili zifunge, kwa hiyo neti inaweza kukaa hadi mavuno. Matango na maboga ni tofauti, hayo lazima yafunuliwe yakianza kutoa maua.

### Miche ya nyanya iliyokatwa

Huyu ni sota. Ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo, hujikunja mara tu akiguswa, hutoka usiku, hukata shina usawa wa ardhi, na mara nyingi huacha mche umelala palepale bila kuumaliza. Asubuhi unapokuta mche umekatwa, chimbua kwa kidole au kijiti kina cha sentimita 2 hadi 5, ukizunguka shina kwa upana wa kiganja. Mara nyingi hajaenda mbali. Ukimwacha, usiku unaofuata atakwenda kwenye mche wa pili, na pengine ndivyo ulivyopoteza miwili.

Miche iliyobaki ivalishe pete za karatasi ngumu, au kopo lililokatwa juu na chini: urefu wa sentimita 8 hadi 10, sentimita 3 ziwe ndani ya udongo. Pete ikae hadi shina liwe nene na gumu. Majivu makavu kuzunguka shina husaidia kidogo, lakini yakilowa hayana kazi tena, na yakirundikwa kila wiki huongeza alkali kwenye udongo. Kwa msimu ujao, palilia na kulisafisha tuta wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda. Nondo wa sota hutaga kwenye magugu; ukipalilia leo na kupanda kesho, viwavi waliokuwa wakila magugu hawana pengine pa kwenda isipokuwa kwenye miche yako.

Nyanya hizo zikianza kuchanua, anza kuangalia adui mwingine kabla hajafika: funza wa vitumba, ambaye nondo wake hutaga yai mojamoja karibu na maua na majani machanga. Akishaingia ndani ya tunda hakuna dawa ya kupulizia itakayomfikia. Nafasi yako ni muda mfupi kati ya kuanguliwa na kutoboa. Tunda lenye tundu karibu na kikonyo lichumwe na kuondolewa kabisa bustanini, au lifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuachwa juani wiki mbili. Ukiona kwenye majani ya nyanya mabaka mapana yaliyoliwa ndani kwa ndani yenye vinyesi vyeusi, huyo ni kanitangaze, kiwavi wa nondo mdogo. Kata majani hayo siku hiyohiyo na uyafunge vivyo hivyo, maana yeye huongezeka kwa kasi na hushambulia tunda pia.

### Vidukari, sisimizi na urea

Wadudu weusi kwenye ncha za maharage ni vidukari, na wewe mwenyewe umewasaidia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni urea. Nitrojeni ikizidi mmea hutoa majani laini yaliyojaa utomvu wenye amino asidi nyingi, chakula hasa kinachomfanya kidukari azae upesi. Jike huzaa bila kupandwa, tena huzaa watoto hai, na katika joto mtoto huwa mzazi ndani ya siku kama kumi au pungufu. Maharage hayakuhitaji urea hiyo tangu mwanzo. Mizizi yake inashirikiana na bakteria wanaopata nitrojeni kutoka hewani. Acha kabisa kwenye maharage. Kwenye kabichi subiri hadi viwavi wapungue, kisha weka mboji iliyoiva badala yake.

Ya pili ni ile sabuni ya unga. Sabuni ya kufulia ina chumvi, viongeza weupe na kemikali nyingine ambazo huondoa nta ya jani na kuliunguza. Kiwavi mwenye ngozi ngumu anapona, lakini mabuu laini wa wadudu wanaokula vidukari wanakufa. Na pilipili haikuwa na uwezo wa kuua viwavi. Huwasha, hufukuza kwa saa chache, ikikauka imekwisha.

Sasa fanya hivi. Shika ncha ya mharage kwa mkono mmoja uiegemeze, mwingine uelekeze maji ya kasi kwenye vidukari hadi wadondoke. Wengi wao hawawezi kupanda tena. Rudia kila baada ya siku mbili, mara tatu. Ncha iliyojikunja na kujaa kabisa ikate. Wakibaki, tumia sabuni ya maji isiyo na kiongeza weupe, vijiko viwili vya chai kwa lita 1 ya maji, visizidi vinne. Kama maji yako ni magumu na sabuni inafanya utando mweupe badala ya povu, tumia maji ya mvua. Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri siku moja uone kama yanaungua. Sabuni huua kidukari ikiwa imelowa tu, kwa kuharibu utando wa mwili wake. Ikishakauka haina kazi. Hivyo lazima imlowanishe yeye mwenyewe, na jioni ni bora kuliko mchana kwa sababu haikauki upesi. Njia hii hufanya kazi pia kwa inzi weupe wachanga na utitiri mwekundu, kwa sharti hilohilo la kulowanisha chini ya jani.

Sisimizi usiwadharau. Wanakuja kunywa majimaji matamu anayotoa kidukari, na kwa malipo hayo huwafukuza wadudu-kibibi. Kama maharage yako yanapanda kwenye fito, paka kwenye kila fito mkanda wa karatasi wenye grisi au gundi isiyokauka, na ukate majani yanayogusa ardhi au mimea ya jirani ili wasipate daraja.

Kabla ya kupulizia sabuni, tazama kwa makini kilichopo kati ya vidukari. Kidudu kirefu cheusi chenye miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa, ambacho watu wengi hukiponda wakidhani ni adui, ni buu wa mdudu-kibibi, na kabla hajakua hula mamia ya vidukari. Vidukari waliovimba, wakakauka na kuwa rangi ya kahawia au dhahabu, wameshatagiwa na nyigu. Ukiona vyote viwili kwa wingi, weka kinyunyizio chini na upe siku tano.

Mharage wenye majani yenye mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichofifia, yaliyojikunja, ung'oe. Huo ni ugonjwa wa virusi, vidukari huusambaza kwa kuonja tu, na hakuna dawa ya kuutibu.

### Vitu vya kutotia bustanini

Maji ya tumbaku yanapendekezwa sana na hayafai. Nikotini hupenya kwenye ngozi na ni sumu kwa binadamu. Zaidi ya hayo, tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Mafuta ya taa huunguza majani. Chumvi hubaki kwenye udongo. Dawa za kuua mbu na mende za ndani ya nyumba hazikutengenezwa kwa ajili ya mmea unaoliwa, na hakuna anayeweza kukuambia usubiri siku ngapi kabla ya kula.

Siku ikifika ukalazimika kutumia kiuatilifu cha dukani, kifungashio kiwe na mambo haya yakisomeka: jina la zao lako, kipimo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kikikosa kimoja, au kikiwa kimepimwa na kumiminwa kwenye chupa ya soda, kirudishe. Tafuta pia namba ya kundi la dawa, inayoonyesha namna dawa inavyoua: kubadilisha jina la bidhaa huku namba ikibaki ileile hakukusaidii dhidi ya usugu. Kundi la 3A, la pareto na viuatilifu vya mfano wake, huua wadudu rafiki kwa wingi. Spinosadi, kundi la 5, ni nzuri kwa viwavi lakini ni hatari kwa nyuki ikiwa bado mbichi, hivyo hupuliziwa jioni, mbali na maua. Vaa glavu, na usichanganye dawa mbili kwa kubuni.

### Kabichi zilizotobolewa

Zinalika. Viwavi hawa hawaachi sumu kwenye jani. Bandua majani ya nje, kata kabichi vipande vinne, loweka kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 1, kwa dakika 15 hadi 20. Viwavi waliojificha ndani watatoka. Kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Kwa kuwa ulipulizia sabuni ya unga, tupa majani yote yaliyokuwa nje siku hizo na ule ya ndani tu. Moyo uliolowana, uliobadilika kuwa wa kahawia na kutoa harufu mbaya, umeshaingiliwa na bakteria kupitia vidonda vya viwavi. Huo ukate utupe pamoja na shina lake, mbali na tuta, na kisu ukioshe kabla ya kugusa kabichi inayofuata.